Dawa ya Samaki: Bei ya Dukani na Bei ya Majini

Kwenye duka la pembejeo, fomalini, pamanganeti, mrututu na chumvi ya mawe huweza kukaa rafu moja, na mteja huchagua kwa kutazama bei ya chupa au pakiti. Kwa mfugaji wa ng'ombe hesabu hiyo inatosha, kwa kuwa sindano humwingia ng'ombe mwenyewe na mambo yakaishia hapo. Dawa nyingi za samaki humwagwa majini. Maji hayo ndiyo hewa ya samaki, ndiyo choo chake, na ndimo mnamoota vijimea vinavyompa oksijeni mchana. Aliyetibu samaki ametibu bwawa zima, akitaka asitake, na gharama kubwa mara nyingi huja siku mbili au wiki mbili baada ya risiti.

Ili kulinganisha tunahitaji bwawa moja la mfano. Mpango wa serikali ya Kenya wa kuchochea uchumi, ulioanza mwaka 2009, ulikusudia mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi lililochaguliwa, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Ukubwa huo unafahamika vizuri hata kwa wafugaji wa Morogoro na Ruvuma. Kina kikiwa mita 1 kwa wastani, tuna mita za ujazo 300, yaani lita 300,000 za maji. Shilingi sitaziandika, maana bei ya Mwanza si ya Mombasa na ya mwaka huu haitakuwa ya mwakani. Kiasi kinachohitajika hakibadiliki. Kizidishe kwa bei ya dukani kwako.

Kwa bwawa hilo, fomalini ya miligramu 25 kwa lita, ambayo ndiyo dozi ya juu ya bwawani, ni lita 7.5. Pamanganeti ya potasiamu kwa miligramu 2 ni gramu 600. Mrututu, maji yakiwa na alkaliniti ya 100, ni gramu 300 tu. Chumvi kwa gramu 1 kwa kila lita ni kilo 300, magunia sita ya kilo 50. Ukitaka gramu 3 ni magunia kumi na nane. Hapo ndipo mteja wa haraka anapokata shauri: mrututu ni wa bei ya soda, chumvi ni mzigo wa gari. Sasa tuingie majini.

Fomalini ndiyo inayonitia shaka kuliko zote, ingawa inafanya kazi yake. Huua vijidudu vya ngozi na matamvua kama Trichodina, na minyoo midogo inayong'ang'ania matamvua. Lakini kila miligramu 5 za fomalini kwa lita hunyang'anya maji takriban miligramu 1 ya oksijeni ndani ya saa 30 hadi 36. Dozi ya 25 basi hutafuna miligramu 5. Maji ya nyuzi 28, ukiwa usawa wa bahari, hushika karibu miligramu 7.8 yakishiba, na kandokando ya Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya bahari, hupungua karibu moja zaidi. Bwawa la kijani linaloshuka lenyewe hadi miligramu 3 kila alfajiri halina 5 za kutoa. Tena fomalini huua na mwani, yaani kiwanda kile kile cha oksijeni, na mwani uliokufa ukianza kuoza hudai oksijeni nyingine. Hivyo mfugaji huamka siku ya pili, anakuta sato wanahema juu ya maji, anasema ugonjwa umezidi, anarudi dukani kuongeza dozi.

Kwa hiyo bei halisi ya fomalini ni lita 7.5 pamoja na mashine ya kupulizia hewa, au pampu ya kurusha maji, itakayofanya kazi usiku mmoja au miwili mfululizo. Asiye na mashine asiinunue kwa ajili ya bwawa. Kuna na gharama ya mwilini: formaldihaidi, kiini cha fomalini, imo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, na mvuke wake huchoma macho na koo. Glavu, kinga ya macho na kusimama upande upepo unakotoka si mbwembwe za wazungu. Na isikutane kamwe na pamanganeti, si kwenye ndoo wala stoo, kwa sababu mchanganyiko huo huweza kulipuka na kuwaka moto.

Pamanganeti, ile chengachenga ya zambarau ambayo wengine wanaijua kwa kuoshea mboga na vidonda, ina tabia tofauti. Huunguza kila kitu kilicho hai au kinachooza inachokutana nacho: bakteria, ukungu, lakini pia mwani, kinyesi na chakula kilichobaki. Bwawa chafu linaimaliza dawa kabla haijamfikia mgonjwa. Ndiyo maana gramu 600 nilizotaja juu ni kianzio tu, na ndiyo maana napendekeza kipimo cha ndoo, ambacho ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote katika ufugaji wa samaki. Yeyusha gramu 1 ya pamanganeti katika lita 1 ya maji safi. Panga ndoo za lita moja moja za maji ya bwawa, ya kwanza utie mililita 1 ya mchanganyiko huo, ya pili mililita 2, ya tatu 3, endelea hivyo mpaka 6 au 8. Subiri dakika 15. Ndoo ya namba ndogo kabisa ambayo bado ina rangi ya waridi ndiyo inayoonyesha ulafi wa maji yako, na namba yake ukizidisha kwa 2.5 unapata dozi ya bwawa kwa miligramu kwa lita.

Ikiwa ni ndoo ya pili, dozi ni 5, na bwawa letu litataka kilo 1.5. Ikiwa ni ya nne, ni 10, na sasa ni kilo 3. Dozi ya namna hiyo ni ujumbe wenyewe: bwawa linahitaji kubadilishwa maji na kuondolewa tope, na fedha ya kilo tatu za dawa ingenunua petroli. Pampu ya inchi 2 inayotoa lita 20,000 kwa saa hubadilisha theluthi ya bwawa hili kwa saa tano. Maji yakiwa masafi kiasi, pamanganeti ni chaguo zuri. Fanya kazi asubuhi yenye jua, ili usiku usikukute na oksijeni iliyoshuka. Rangi inapaswa kudumu saa 8 hadi 12. Maji yakigeuka kahawia mapema, dawa imekwisha nguvu. Usirudie siku inayofuata kwa pupa, maana matamvua nayo ni nyama laini na huungua.

Mrututu una mvuto wa bei na wa ukale. Huua mwani, ukungu na vijidudu, na miaka ya nyuma ulitumika sana kuua konokono wa kichocho. Shida ni kwamba umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua samaki ni mdogo, na umbali huo hutegemea alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili tindikali. Kanuni ya kawaida ni kugawanya alkaliniti kwa 100: maji ya 100 yanapata miligramu 1 kwa lita, ya 200 yanapata 2, na hata maji yawe magumu vipi dozi haipiti 2.5. Chini ya 50 usiutumie kabisa. Sasa, maji ya Ziwa Victoria na ya vijito vingi vya milimani ni mepesi, na mfugaji wa kawaida hajui alkaliniti ya bwawa lake. Anayepima kwa kiganja anacheza kamari. Hata akipatia, shaba iliyomo kwenye mrututu haiozi wala haipotei. Huzama kwenye tope na kubaki huko, na kila msimu huongezewa nyingine. Tope hilo huchotwa na kupelekwa kwenye migomba. Gramu 300 za mrututu ni rahisi kununua, ila mimi nisingeziweka kwenye bwawa la chakula bila kipimo cha alkaliniti mkononi, na kwenye maji mepesi hata kwa kipimo nisingeziweka.

Kuhusu malakaiti ya kijani sina maneno mengi. Bado inauzwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, huponya ukungu haraka, na mabaki yake hukaa kwenye mnofu muda mrefu. Ulaya na Marekani hairuhusiwi kwa samaki wa kuliwa. Wafugaji wa kanda ya ziwa wana sababu ya kukumbuka soko linavyoweza kufungwa: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Uganda, Kenya na Tanzania kufuatia habari za watu kuvua kwa sumu za wadudu.

Chumvi inastahili nafasi zaidi, kwa sababu wengi huiona dawa ya maskini na kumbe ndiyo inayohitaji hesabu nzuri kuliko zote. Kwenye bwawa zima haifai kwa magonjwa ya ngozi. Magunia sita ya kuanzia yanatosha kuonyesha hivyo. Tena chumvi haivunjiki. Hutoka kwa kumwaga maji tu, na ukibadilisha nusu ya maji mara tatu bado asilimia 12.5 imebaki. Anayemwagilia mchicha au sukuma wiki kwa maji ya bwawa, na ndivyo wengi tunavyofundishwa kufanya, ajue kuwa maji yenye gramu 3 za chumvi kwa lita yataulaza mchicha.

Ila kuna kazi moja ambapo chumvi kidogo bwawani inazishinda chupa zote. Nitriti ikipanda, damu ya samaki hugeuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Samaki hupumua kwa shida ilhali maji yana hewa tele. Mwenye bwawa huona ugonjwa na kutaka dawa. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huzuia nitriti isiingie kwa kupitia matamvua, na wafugaji wa kambale wa Marekani hulenga kloridi iwe angalau mara 10 ya nitriti. Nitriti ikiwa miligramu 2, tunataka kloridi 20. Chumvi ina kloridi asilimia 60 hivi, basi ni gramu 33 kwa kila mita ya ujazo. Kwa bwawa letu ni kilo 10. Kilo kumi, si mia tatu, na mchicha hautajua lolote. Tofauti hiyo inatokana na kijikasha cha kupimia nitriti. Ndiyo maana nasema kijikasha hicho, kile cha matone na rangi, kinunuliwe kabla ya dawa yoyote. Bila hicho, mfugaji analipia makisio.

Makisio mengine ya gharama huhusu chokaa. Samaki wakifa, jirani mwema hukushauri umwage chokaa, na chokaa ya kilimo kwa kiasi haina ubaya. Lakini chokaa kali, ile inayotumika kujengea au kuua vijidudu kwenye bwawa tupu, hurusha pH. Kwenye maji ya nyuzi 28, amonia yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7. Ikifika 8 ni karibu asilimia 7, na kwenye 9 ni takriban 40. Amonia ile ile iliyokuwa imetulia jana inakuwa sumu leo, na hakuna aliyeongeza kitu zaidi ya mfuko wa bei nafuu.

Kwa wenye matangi ya maji yanayozungushwa, ambao wanaongezeka kandokando ya Dar es Salaam na Nairobi kwa uhaba wa ardhi, hesabu yote inageuka. Wao dawa ni kidogo, kwa kuwa maji ni kidogo. Tangi la lita 1,000 kwa gramu 3 linataka kilo 3 za chumvi, bei ya nauli ya bodaboda. Kinachowagharimu ni chujio. Ndani ya chujio huishi bakteria wanaobadili amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na bakteria hao hawajui kwamba dawa uliyomwaga ilikusudiwa wenzao wabaya. Pamanganeti huwaunguza. Haidrojeni peroksaidi, ambayo kwa mengine ni dawa safi inayoishia kuwa maji na oksijeni, nayo huwaunguza. Viuavijasumu vikimwagwa majini huwaua au huwadumaza.

Tuone bei ya chujio lililokufa. Kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 32 hutoa karibu gramu 30 za amonia. Mfumo wa lita 10,000 unaolishwa kilo 2 kwa siku hupata gramu 60, sawa na miligramu 6 kwa lita kila siku kama hakuna bakteria wa kuipokea. Kwenye pH 8, sehemu yenye sumu inafika 0.4, na sato huanza kupoteza hamu ya kula sumu hiyo ikifika 0.08. Chujio jipya huchukua wiki nne hadi nane kukomaa. Katika muda huo unapunguza chakula, unamwaga maji ya bomba uliyoyalipia kwa mita, unaangalia samaki wamesimama uzito ule ule. Hakuna chupa dukani yenye bei hiyo.

Njia ya kuepa ni ya kizamani: pipa la lita 200 pembeni, maji ya mfumo, hewa, na samaki wachache wachache. Chumvi ya gramu 20 kwa lita ni kilo 4 kwa pipa. Samaki huogeshwa kwa dakika chache, usizidi 30, na hutolewa mara tu anapoanza kulala ubavu. Chujio halikuguswa. Angalizo kwa mnunuzi: chumvi iwe ya kawaida, ya Uvinza au ya pwani, si ile ya kulambisha ng'ombe iliyochanganywa madini, kwa kuwa mara nyingi ina shaba.

Viuavijasumu ni biashara tofauti. Oksitetrasaiklini ikimwagwa bwawani hushikana na kalsiamu ya majini na samaki hupata kidogo sana. Mahali pake ni kwenye chakula, baada ya maabara kusema ni bakteria gani. Tuseme bwawa letu lina sato 900 wa gramu 200, kilo 180. Kwa miligramu 75 kwa kila kilo ya samaki kila siku, kwa siku 10, dawa tupu ni gramu 135. Kwa unga wa dukani wenye nguvu ya asilimia 20 ni gramu 675. Kisha kuna kusubiri. Lebo ya Marekani ya dawa hii kwa samaki huagiza siku 21 kabla ya kuvua. Kwa ulishaji wa asilimia 2 ya uzito, hizo ni kilo 75 na ushee za chakula. Samaki wakiwa wadogo chakula hicho hakipotei, wanaongezeka uzito. Wakiwa wameshafika sokoni, au umeahidi oda ya sikukuu, ni hasara. Na samaki mgonjwa hali, hivyo sehemu ya dawa huishia kwenye tope, ambako bakteria hujifunza kuizoea.

Maabara nayo ni gharama, lakini tazama inachookoa. Virusi vya TiLV, ambavyo watafiti waliripoti mwaka 2018 kuvikuta kwa sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, upande wa Uganda na Tanzania, havina dawa hata moja kwenye rafu tuliyoanzia. Bwana samaki wa wilaya, na taasisi za utafiti kama TAFIRI upande wa Tanzania, KMFRI na kituo cha Sagana kwa Kenya, Kajjansi kwa Uganda: hao ndio wa kuuliza sampuli ipelekwe wapi kabla ya kununua kitu.

Wafugaji wa vizimba vya ziwani wana machaguo machache zaidi. Ziwa halitibiki, na chochote kinachomwagwa kizimbani kinamfikia jirani na mtungi wa anayechota maji ufukweni. Wao hubaki na kuogesha samaki kwenye turubai au pipa, chakula chenye dawa kwa maelekezo ya mtaalamu, na kupunguza idadi ya samaki kwa kila kizimba. Maji yakigeuka kutoka chini na kukosa oksijeni, kama wenzao wa upande wa Kisumu walivyowahi kupata, dawa haina kazi.

Ningekuwa na bajeti ya kuanzia, ningeigawa hivi: kijikasha cha amonia, nitriti na pH kwanza, gunia moja la chumvi, nusu kilo ya pamanganeti kwenye kopo lisilopitisha mwanga, na pipa. Pipa hilo litafanya kazi zaidi siku vifaranga vipya vinapofika, kwa kuwa magonjwa mengi huja navyo kwenye mfuko. Vioge chumvi, tena kwa muda mfupi kuliko samaki wakubwa, na vikae wiki mbili kwenye tangi au kizimba kidogo cha wavu kilicho mbali na samaki wengine. Maji ya mfuko wa safari na ya pipa yamwagwe kwenye shimo la pembeni, mbali na kisima na bustani, wala yasirudi bwawani.